Fimbo ya Shaba

Wingu lilipokifunika kijiji cha Igowole kama kaniki, Apolonia alitupa jembe akakimbia nyumbani. Sebuleni, kwenye tangi la kioo, walibaki samaki wawili tu wa mapambo, dume na jike lenye mimba. Wengine radi ya mwaka jana ilimchemshia wote. Wakifa hawa, mbegu imekwisha.

Mlangoni alimkuta Philbert, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, umechomoa?" Apolonia aliuliza.

"Nimefunika! Kioo cha kabati, kitenge. Tangi, blanketi. Radi hupenda vinavyong'aa, bibi alisema."

"Plagi, Philbert!"

"Si una kile kidude cha kulinda friji? Kazi yake nini, kupendeza ukuta?"

Kweli, hita na pampu ya hewa vya tangi vilikuwa vimechomekwa humo. Lakini kidude hicho huumwaga ardhini umeme uliozidi, kupitia waya wa ethi. Apolonia akachungulia nje. Waya ulikuwa umekatwa, na fimbo ya shaba iliyoushikilia ardhini imeng'olewa. Shimo lake bado bichi.

"Ethi iko wapi?"

Philbert akatazama miguu yake. "Mnunua vyuma chakavu anapita kesho..."

Radi ikapiga nguzo ya umeme. Soketi ililipuka, moto ukalamba ukuta, tangi likapasuka na maji yakaruka na vigae vyake. Apolonia alizima swichi kubwa, akapiga magoti, akapapasa sakafu. Vigae vilimchana viganja. Dume lilikuwa limekufa. Jike lilitapatapa, akalitumbukiza kwenye sufuria ya maji vuguvugu jikoni. Likazama. Likapinduka. Likaanza kuogelea.

Ndipo akamgeukia shemeji yake.

"Na ethi ya mwaka jana? Ulisema iliibwa na wezi wa barabarani."

Philbert akaanza kurudi nyuma. Watu wa namna hii wapo kila kijiji: huuza ngao, kisha hulia na mshale.

Kofi la kwanza lilimbamiza Philbert ukutani. La pili lilimtoa damu puani. Akamkwida ukosi, akamburuta hadi alipoonyesha fimbo ya shaba aliyoificha chini ya kitanda, akamburuta tena hadi uani kwenye mvua, nyundo mkononi.

"Isimamishe kwenye shimo. Shika."

Mbingu ikapasuka juu ya mashamba ya chai.

"Shemeji, tutakufa! Radi bado!"

"Shika!"

Alishika kwa mikono miwili, akilia kama mtoto. Fimbo ilimeta kati ya vidole vyake.

"Inang'aa, eh?" Apolonia akainua nyundo. "Mwite bibi aje na blanketi."