Shule Iliyoinuliwa

Mama Pacha alimaliza kupiga pasi shati la mwisho la mteja, akawakabidhi wanawe kwa bibi yao, akakimbilia shuleni nywele zikiwa hazijachanwa. Shule yenyewe ilikuwa ghala la zamani la mbao, nyuma ya kituo cha mabasi. Humo walisoma sekondari wale waliotemwa na shule nyingine: waliofukuzwa, waliozaa, walioacha masomo wakatafute riziki. Mama Pacha alikuwa yote hayo kwa pamoja, na kwenye kemia hakuna aliyemfikia.

Siku hiyo bodi ya shule ilikuja kujadili namna ya kuiboresha. Wajumbe walikalia viti vya wanafunzi. Wanafunzi wakasimama ukutani. Mwenyekiti, ambaye kitambi chake kilimtangulia kila mahali na watoto wake walisoma ng'ambo, akawataka waseme shida zao, ila kwa ufupi.

Mama Pacha akasema. Choo cha wasichana hakina mlango. Maabara ni kabati lililofungwa, na ufunguo haujulikani uliko. Na wenye watoto wachanga wanaomba kachumba, hata ka kulaza mtoto tu, maana anayenyonyesha hukosa nusu ya vipindi.

"Mama, tumekusikia," alisema Mwenyekiti, macho kwenye sahani ya korosho. "Lakini bodi haishughuliki na milango. Bodi inashughulika na sera."

Mjumbe mmoja mstaafu, aliyekuwa anasinzia, akazinduka kuunga mkono hoja, kisha akauliza hoja ni ipi. Sera ikapitishwa kwa kauli moja: shule iinuliwe.

Asubuhi yake shule ilikuwa imeinuka. Ilikaa hewani usawa wa magoti, msingi ukidondosha udongo, na kuku wa jirani walishaingia chini yake kuparura. Mwalimu wa kemia akapandisha mguu, akaingia, akaandika tarehe ubaoni. Wanafunzi nao wakaingia. Msichana mjamzito wa kidato cha pili alisukumwa kwa nyuma, akacheka, akaomba radhi kwa uzito wake.

Bodi ilifurahi mno. Ikakutana tena, safari hii hotelini, kwa sababu kuingia shuleni kulitaka mtu arushe mguu na suruali ya Mwenyekiti haikuruhusu. Wakapitisha sera ya kuinua zaidi. Shule ikafika usawa wa kifua, kisha ikapita paa la kituo cha mabasi. Abiria wakapata kivuli, wakashukuru.

Mwanafunzi mmoja, seremala, akaunganisha ngazi, na kwa muda mambo yakaenda. Mama Pacha alipanda kila siku, daftari kaling'ata kwa meno, sketi kaipiga fundo. Kisha yule mjumbe mstaafu akaja na vibarua kuiondoa.

"Ngazi inashusha hadhi ya shule," akaeleza.

"Sasa tutapandaje, mzee?" Mama Pacha akauliza.

"Mwanafunzi mwenye nia atafika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa ya mtu mwingine.

Walimu waliokuwa chini siku hiyo walitafuta kazi kwingine. Waliobaki juu ni karani na mwalimu wa kemia. Chakula chao kilipandishwa kwa ndoo na kamba. Kamba ilibeba ndoo, haikubeba mtu. Seremala alijaribu, akavunjika mkono. Basi mwalimu akawa analala kifudifudi mlangoni, kichwa kikining'inia nje, anafundisha kwa kupiga kelele.

"Asidi na besi! Tunapata nini?"

"Chumvi na maji!" Mama Pacha alijibu kutoka chini, huku mabasi yakipiga honi.

Ikaja siku ya kujiandikisha kwa mtihani. Sera ilitaka mtahiniwa asimame mwenyewe mbele ya dawati la karani. Mama Pacha alisimama chini tangu asubuhi, akijitaja mpaka sauti ikamkauka.

"Nakusikia vizuri, dada," karani akamjibu kutoka dirishani. "Ila hapa mbele ya dawati sikuoni."

Nyumbani, mama yake alikuwa anambembeleza mmoja wa pacha.

"Umejiandikisha?"

"Wamekataa."

"Basi mwakani, mwanangu."

"Mwakani itakuwa juu zaidi, mama."

Bibi akamhamishia mjukuu bega la pili. "Watu hao," akasema, "ukiwapa mochari waiendeshe, watajisifu kwamba humo hakuna anayeumwa."

Mtihani ukafanyika bila mtahiniwa hata mmoja. Matokeo yalipotoka, bodi ikatangaza kwamba shule haikuwa na aliyefeli, na wajumbe wakaja na mpiga picha kusherehekea. Wakapanga mstari chini ya jengo, Mwenyekiti katikati, kidole kimeelekezwa juu. Mama Pacha alikuwa amekaa papo hapo na daftari mapajani, shingo kaikunja nyuma, anamsikiliza mwalimu.

"Dada, hebu sogea," alisema mpiga picha. "Unaharibu picha."

Akainuka, akajifuta vumbi, akasogea hadi juani. Kutoka huko sauti ya mwalimu haikumfikia. Alisubiri wamalize. Mwenyekiti aliomba ipigwe nyingine, kwani katika ile ya kwanza alifumba macho.