Mbuzi wa Mzee Jelle

Masomo ya jioni yalikuwa ndiyo kwanza yameanza, baada ya sala ya alasiri, mzee mgeni alipoingia darasani akimvuta mbuzi.

"Naye anarudia darasa la nane?" Abdiwali akauliza kutoka nyuma. Wenzake wakaangua kicheko.

Weris hakucheka. Yule alikuwa babu yake, Mzee Jelle wa Balambala.

"Mwalimu Guleid," mzee alisema, "unamfundisha mjukuu wangu. Huyu ana maziwa. Mchukue."

Guleid alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka ule, na alitamani kumkumbatia mzee huyo. Lakini shirika lililokodi chumba kile cha mtaa wa Iftin na kuwapikia watoto uji lilikuwa na sharti: mwalimu akipokea chochote kwa mzazi, anafukuzwa.

"Hapana, awoowe," alisema, akimwita babu kwa Kisomali. "Hapa ni bure. Na ukame huu, mtamhitaji."

Uso wa mzee ukabadilika. "Nimekuomba unihurumie? Sisi hatulishwi bure. Weris, beba vitabu."

"Awoowe, mtihani wangu..."

"Beba!"

Mlangoni Weris akageuka. "Mwalimu, ulisema utatufundisha mpaka siku ya mtihani."

"Nilisema. Nitakufundisha."

Ijumaa Guleid akadandia lori la maji hadi Balambala. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa imezagaa nje ya boma.

"Nimemfuata mbuzi wangu," alisema.

Mzee akachukua kikombe. "Umechelewa. Maziwa yamepungua." Kisha akamkamulia. Mdogo wake Weris hakubandua macho kwenye kikombe mpaka mgeni alipokimaliza.

"Naomba nimwache kwako, awoowe, unichungie."

"Zawadi ikibaki kwangu, nimetoa nini? Mchukue. Na msichana pia."

Jumatatu msimamizi wa shirika alimkuta mbuzi amefungwa kando ya mlango.

"Wa nani huyu?"

Guleid angeweza kusema ni wa jirani. "Wangu. Nilipewa na mzazi."

"Basi umefukuzwa," msimamizi alisema. Aliibeba sufuria ya uji hadi kwenye gari, akafunga chumba kwa kufuli, akaenda zake.

Kesho yake, baada ya alasiri, Guleid alikaa mchangani mbele ya kufuli. Abdiwali alipita bila kusimama. "Mwalimu, siku hizi unafundisha mbuzi?" Wengine hawakupita kabisa.

Weris akaja na vitabu vyake.

"Wenzangu wako wapi?"

Guleid akafuta mchanga kwa kiganja, akachora duara, akaligawa robo nne.

"Tuliishia kwenye sehemu," alisema. "Kaa."