Mayai ya Mfungo

Mfungo wa kabla ya Krismasi ulipoanza, bei ya mayai katika soko la Debre Birhan, mji wa milimani, ilianguka kama kawaida. Watu waliacha nyama, mayai, siagi na maziwa, lakini kuku hawana habari za mfungo, waliendelea kutaga. Wanawake wa vijijini walipanga mayai yao juu ya majani makavu, wakawaita wapita njia, na wapita njia wakapita.

Fikirte alinunua kapu zima.

Jambo hilo alikuwa amelitafuna moyoni siku nyingi, kama ilivyokuwa tabia yake, kabla ya kumwambia mumewe. Kiwanda cha mablanketi alikofanya kazi Tigabu kilikuwa kimepunguza zamu kwa kukosa sufu, na mshahara ukapungua nao. Yeye mwenyewe alikuwa na cheti cha ualimu wa shule ya awali, ila hakuna shule iliyokuwa imemwita, na tangu Edilawit azaliwe hakupata tena nafasi ya kwenda kubisha hodi. Pale mtaani, kila Krismasi majirani huchanga, wakanunua ng'ombe mmoja, wakamchinja alfajiri na kugawana mafungu kwa kura. Nyumba isiyochanga hula harufu ya jikoni kwa wenzake. Fikirte aliona kwamba mayai ya bei ya mfungo, yakitunzwa mpaka siku za mwisho, wakati kila mtu anatafuta mayai ya kutia kwenye mchuzi wa kuku, yangeweza kumpatia nusu fungu.

"Kwa hiyo naoa tena," Tigabu alisema alipoliona kapu. "Safari hii mfanyabiashara."

"Nusu fungu tu."

"Wote huanza hivyo hivyo."

Nguo ya mtoto ilikwishapatikana. Fikirte alikuwa ameukata mtandio wake mweupe wa arusi, akashona gauni dogo, na pindo la rangi lililokuwa likimzunguka mabegani siku ya arusi sasa lilizunguka chini ya gauni la Edilawit. Siku alipoukata, Tigabu alisimama mlangoni akatazama, kisha akaenda nje kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Kilichobaki kuwasumbua hakikuwa nguo wala nyama. Mama yake Tigabu, Emama Zenebech, alikuwa amepiga simu kutoka kijijini kwao, Menz, akasema atakuja kula Krismasi na mjukuu wake wa kwanza. Alisema pia kwamba nyumba za mjini anazijua, za kuta nyembamba na mkaa wa kununua. Akikuta mtoto analala kwenye baridi, atarudi naye kijijini, yeye na mama yake, mpaka mvua kubwa zipite. Hakusema kwa hasira. Mtoto wake wa kwanza, kaka yake Tigabu ambaye Tigabu hakumwona, alikufa kwa kifua katika msimu wa jalidi kabla hajajifunza kukaa, na tangu hapo Emama hakubishana na mtu kuhusu baridi. Tigabu hakuweza kumkatalia mama yake jambo lenye kaburi ndani yake. Fikirte hakuwahi kumkatalia mtu mzima jambo lolote.

Basi waliwasha moto. Tigabu aliliwasha jiko la mkaa nje mpaka moshi uishe, ndipo akaliingiza ndani na kuliweka kando ya kitanda cha mtoto, na mlango wakauacha wazi upenyo wa vidole viwili ili hewa ipite. Usiku waliamka kwa zamu kuongeza mkaa. Mboga ziliweza kupungua, mkaa haukupungua. Msimu ule alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi na maji ya ndoo yaliota ngozi ngumu juu.

Jalidi hiyo ndiyo iliyomfanya Fikirte alilete kapu ndani. Jirani yake, mama mtu mzima aliyeitwa kwa heshima Etiye Asnaku, ambaye vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, aliweka mayai yake stoo na wiki ya kwanza tu baadhi yakapasuka kwa baridi. Alilalamika mpaka mtaa wa pili ukasikia. Fikirte akayafukia ya kwake kwenye shayiri, akaliweka kapu kati ya jiko na ukuta ule, karibu na kitanda cha Edilawit, na kila alipomfunika mtoto, na kapu alilifunika kwa kitambaa.

Juma la mwisho mambo yalikwenda kama alivyopanga. Etiye Asnaku alilipia mayai mapema ili yasiende kwa mwingine, na fedha hiyo Tigabu akaipeleka siku hiyo hiyo kwa Gashe Demissew, mzee aliyesimamia mchango wa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye ua wa mzee, mwekundu, mwenye pembe moja iliyopinda, na watoto wa mtaa wakienda kumsalimia.

Emama Zenebech alifika siku mbili kabla ya sikukuu, asubuhi, Tigabu akiwa kazini. Alikuja na chungu kidogo cha siagi kilichozibwa kwa majani, na ngozi ya kondoo iliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Alimbusu mkwewe mashavuni mara nyingi, akamchukua mtoto, akamnusa kichwani. Kisha akaweka kiganja ukutani. Akakiweka sakafuni. Akauangalia upenyo wa mlango.

Fikirte alimtengea injera, mkate wao laini mchachu, na mchuzi wa dengu, akakaanga kahawa. Emama alikula vizuri, akasifu dengu, na akasema ile ngozi ni ya kumfungia mtoto njiani, kwa sababu barabara ya Menz ina upepo.

Fikirte alisema kwa sauti ndogo kwamba nyumba ina joto.

"Leo jua limetoka, mwanangu," Emama alisema. "Mchana kila nyumba ina joto. Na mimi ni mgeni. Mgeni huwashiwa moto."

Fikirte alitaka kumweleza habari ya usiku, ya zamu na mkaa, lakini akainuka kuongeza kahawa ambayo bado ilikuwa imejaa kikombeni.

Emama alimkalisha Edilawit mapajani, kando ya kapu. Mtoto alikuwa kwenye umri wa kukamata kila kitu. Alikamata ncha ya kitambaa, kikafunuka. Akatia mkono kwenye shayiri, akaibuka na yai, na kabla bibi yake hajamzuia, yai lilianguka sakafuni.

Halikumwagika kama yai. Ndani yake kulikuwa na utando wa mishipa ya damu na doa jeusi, jicho la kitu ambacho hakingezaliwa. Harufu ikapanda. Emama akafanya ishara ya msalaba, akamsogeza mtoto.

Fikirte alilitazama yai. Kisha akalitazama jiko, akalitazama kapu, na akaelewa. Siku zote zile hakuna aliyevunja yai hata moja ndani ya nyumba. Wakati mwingine wowote, yai la kwanza kwenye kikaango lingewaambia. Lakini ulikuwa mfungo, mayai yakakaa kimya kwenye shayiri, na moto uliowekwa kwa ajili ya mtoto ukayapasha upande mmoja mpaka yakawa viza.

Alifunga dirisha, akawasha mshumaa mwembamba wa kanisani, akapiga magoti. Aliinua yai moja moja mbele ya mwali. Yaliyokuwa upande wa jiko yalionyesha mishipa au giza tupu. Yaliyokuwa upande wa ukuta yalipitisha mwanga safi. Aliyatenga, mazima kwenye sinia, mabovu kwenye ndoo. Emama alikaa na mtoto akatazama, bila kusaidia.

Mazima, Fikirte alisema, yalikuwa machache kuliko yale aliyokwisha kuyalipia jirani yake, Etiye Asnaku.

"Jirani yako hatajua mpaka ayachemshe na kuyamenya," Emama alisema. Ilikuwa vigumu kujua kama alikuwa anashauri au anauliza.

Fikirte alivaa sweta, maana mtandio hakuwa nao tena, akabeba sinia, akatoka.

Etiye Asnaku alikuwa uani akichambua vitunguu, machozi yakimtiririka. Fikirte alimwambia yote akiwa amesimama, bila kumpa salamu ndefu za kawaida, kwa sababu alijua akianza salamu atamalizia hapo hapo. Alisema mengine yamekuwa viza. Alisema fedha imekwenda kwa Gashe Demissew na hairudi. Alisema anamletea haya mazima, na kwa yaliyopungua atampa nusu ya nyama yake.

Etiye Asnaku aliweka kisu chini.

"Yaani nimelipia mayai, unaniletea hadithi ya vifaranga."

"Samahani, Etiye."

"Msomi wetu. Huko chuoni ndiko mlikofundishwa kuwalaza watoto na mayai kitanda kimoja?"

"Sikutaka yapasuke kama yako."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima. Etiye Asnaku alimtazama, kisha akatazama nyuma yake. Emama Zenebech alikuwa amesimama langoni, mtoto mgongoni.

"Mama, umesikia mkweo?" Etiye Asnaku alisema, na sasa sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. "Kumbe ana ulimi. Tumepakana ukuta mmoja, mimi mayai yangu yanapasuka kwa jalidi, yeye ya kwake yanaota macho. Mimi nalala na soksi mbili na koti la marehemu mume wangu. Huyu anaatamia."

Aliyatoa mayai kwenye sinia akiyahesabu, akakubali nusu ya nyama, akasema yeye ndiye atakayechagua nusu ipi, Fikirte akakubali. Halafu akarudisha mayai matatu kwenye sinia. Alisema hawezi kula mchuzi wa kuku huku amesikia kwamba upande wa pili wa ukuta wanakula mchuzi mtupu, utamkwama kooni, na yeye hapendi kukwamwa.

Walirudi nyumbani. Mlangoni Fikirte aligeuka. Uani kwa Etiye Asnaku alikuwa ameona kwamba mtu anaweza kusema huku anaogopa.

"Emama, Krismasi hii nyama itakuwa kidogo. Nitaipika na siagi yako. Ila mtoto hatoki hapa. Wala mimi."

Emama alimpita mlangoni. Aliingia, akainama juu ya ndoo ya mayai mabovu, akachukua moja, akaligeuza kiganjani kama mtu anayepima uzito wa kitunguu.

"Kuku mwenyewe huinuka akaenda kunywa maji," alisema. "Wewe hukuinuka?"

"Tulikuwa tunaamka kuongeza mkaa."

"Kila usiku?"

"Kila usiku. Akilala Tigabu naamka mimi."

"Na hili kapu lilikuwa wapi?"

Fikirte akaonyesha. Emama akapima kwa macho umbali wa kutoka kapu hadi kitanda cha mtoto. Ulikuwa umbali wa mkono. Alibaki ameshika lile yai, na uso wake ukawa wa mwanamke anayefikiria nyumba nyingine, ya zamani, na moto mwingine.

"Yangu yasingekuwa viza," alisema mwishowe. "Mwaka ule. Yangekaa mazima mpaka Pasaka."

Alilirudisha yai kwenye ndoo taratibu, akaomba aonyeshwe mahali pa kuyafukia, kabla mbwa hawajanusa.

Tigabu aliporudi jioni alimkuta mama yake akiosha sakafu na mkewe akicheka peke yake juu ya sufuria. Aliuliza kulikoni. Mama yake akamwambia kwamba ameoa kuku, amshukuru Mungu.

Alfajiri ya Krismasi, walipotoka kanisani, ng'ombe alichinjwa na mafungu yakapangwa juu ya majani kwenye ua wa Gashe Demissew. Kila nyumba ilitoa alama yake ya kura: kijiti, kokoto, kifungo. Tigabu alitoa kishungi cha sufu kutoka kiwandani. Mpita njia ambaye hakuona nani ametoa nini akaitwa azigawe alama, na kishungi kikaangukia fungu lenye mbavu. Wakaligawa na mwenye nusu ya pili, kisha Etiye Asnaku akaja kuchagua nusu yake. Akachagua yenye mafuta, kama ilivyotarajiwa, akawaachia mifupa yenye uboho, akidai kwamba meno yake hayaiwezi.

Nyama iliyobaki ilienea kwenye bakuli moja. Fikirte aliipika na siagi ya Menz, akachemsha mayai yale matatu, moja kwa kila mtu mzima. Edilawit alivalishwa gauni lake jeupe. Emama alilishika lile pindo la rangi kati ya vidole, akalitambua, maana yeye ndiye aliyemfunika mkwewe mtandio ule siku ya arusi. Alikata tonge la injera, akalijaza nyama, akaongeza kipande cha yai lake mwenyewe, akamlisha Fikirte kwa mkono wake. Kisha, kwa sababu, kama wasemavyo, tonge moja huleta ugomvi, akamlisha la pili.

Aliondoka siku ya tatu, peke yake. Ile ngozi ya kondoo aliifungua kamba, akaitandika kwenye kitanda cha mtoto, manyoya juu, akaisawazisha kwa viganja.

Akiwa tayari amevuka kizingiti aligeuka, akamwambia Fikirte kwamba mfungo wa Pasaka ni mrefu zaidi, na bei ya mayai itashuka zaidi. Anunue. Ila ayaweke upande wa ukuta wa Asnaku, mbali na jiko.