Tiyo Ndani ya Pipa la Mihogo

Wewe uliwaona. Mwaka ule wa sitini na nne, hapa Butembo, wamama walipokuwa wanamsukuma Antoinette kwenye kamyo, lori la abiria, ulipita ukainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Hata viatu hukuvaa. Basi leo kaa usikie.

Antoinette alikuwa mke wa mwalimu Kalala, aliyetumwa kutoka Kasai. Baada ya uhuru walipewa nyumba yenye robine ya kuchotea maji uani, na mama yule hakufunga lango. Kila asubuhi uani kwake kulijaa ndoo na vicheko. Jirani yake wa upande wa juu, Florentine, mzaliwa wa hapa, alipokea kila kicheko kama kofi. Alimsumbua mume wake, Kamate, mpaka akamwekea robine kwenye bomba lile lile. Robine ilikuja. Watu hawakuja.

"Robine ya Florentine inatoa maji na matusi," wamama walicheka. "Twende kwa Mama Mwalimu."

"Muende!" Florentine aliwajibu toka jikoni. "Muende mukalambe miguu ya mugeni!"

Siku moja mihogo yake michungu, aliyoiloweka ili itoke sumu, ilikuwa imechacha ndani ya pipa. Akazamisha tiyo ya mpira mpaka chini, akafungua robine, pipa limwagike, wapita njia wasikie kwamba kwake pia maji ni mengi. Wakati ule ule, juu kilimani, askari wakafungulia bomba kubwa kuosha magari yao. Nguvu ya maji ikaanguka. Na bomba halina haya: likikosa maji ya mbele, linanyonya ya nyuma. Tiyo ikakoroma. Pipa likaanza kushuka.

"Ona!" Florentine alisema peke yake. "Hata maji yangu anayavuta, mugeni ule mwizi!"

Kwa Antoinette, chini kidogo, robine ikatoa maji meupe meupe. Watoto wa majirani, wametoka shule na kiu, wakanywa bila kuangalia. Wakatapika, wakalegea.

Uani kukajaa makelele.

"Ulitia nini mu maji?"

"Hapana kitu, mama zangu! Batoto bangu pia banakunywa!"

"Bako balizoea sumu ya kwenu!"

Florentine akaletewa ndoo anuse. Akanusa. Ile harufu ya uchachu aliijua vizuri kuliko harufu ya kitanda chake.

"Sema, Florentine. Wee ni mutoto wa hapa. Ni sumu?"

"Dada," Antoinette alimwomba, "wee unaniona kila siku."

Kweli alimwona kila siku: yeye katikati, ndoo zimemzunguka. Florentine akaitua ndoo chini.

"Mie hapana jua mambo ya bageni."

Hayo tu. Kamyo ya kwenda Beni ikawapakia Antoinette na watu wake, mwalimu amebeba mtoto mgongoni kama mwanamke, askari wanawazomea kwa Lingala.

Kesho yake wamama walileta ndoo kwa Florentine. Kabla ya kuwafungulia, aliichomoa tiyo ndani ya pipa, akaitundika juu ukutani, kisha akawakaribisha kwa majina yao, mmoja mmoja, akicheka.

Leo tena kuna mgeni anayeulizwa alitia nini ndani ya maji. Wewe unajua yametoka uani kwa nani. Inuka. Nenda ukasimame mbele ya kamyo, useme jina la mwenye ua ule kwa sauti, sasa hivi, kabla dereva hajaondoa mguu kwenye freni.