Chuo Ambacho Mjomba Hakukijua

Nyumbani walimwita Wakili tangu utotoni kwa sababu ya ubishi wake. Sasa alikuwa wakili kweli, na vyuo viwili vya ng'ambo vilikuwa vimemkubali kusoma shahada ya uzamili ya sheria. Cha kwanza kilikuwa na jina ambalo hata kinyozi wa mtaani alilijua. Cha pili kilikuwa katika mji mdogo wenye baridi, na pale sebuleni hakuna aliyewahi kukisikia.

Mjomba alikuwa ameshatangaza kile cha kwanza.

"Ofisi nzima inajua," alilalamika, hata hajakaa vizuri. "Sasa nikawaambie nini?"

"Waambie ninakwenda kusoma, mjomba. Siendi kupiga picha getini."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mwaka uliopita, Wakili alimtetea fundi cherehani kiziwi aliyeshtakiwa kwa wizi wa vitambaa. Mahakamani hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Fundi aliandikiwa maswali kwenye karatasi, naye kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha, akawa anaitikia kwa kichwa kila anachoonyeshwa, kwa adabu tu. Ikahesabiwa kwamba amekiri. Kwenye rufaa jaji aliuliza, "Wakili, ni sheria gani inayokataza hilo?" Wakili akababaika, akafungua kitabu hiki na kile. Fundi akarudishwa gerezani.

Katika chuo kile kidogo alikuwapo mwalimu aliyefundisha jambo hilohilo: haki za washtakiwa viziwi. Mwenyewe alikuwa kiziwi. Walizungumza kwa video, mkalimani akiwa pembeni.

"Lugha ya alama unaijua?" mwalimu aliuliza.

"Kidogo. Mteja wangu alinifundisha."

"Imalize ya kwenu kwanza. Ya huku utaikuta. Na uje kufanya kazi, watalii tunao wa kutosha."

Wakili alipowasimulia hayo, mjomba alishusha pumzi. "Na ukirudi, nani atakuajiri kwa jina la chuo kile?"

"Sijui, mjomba. Ila nikisimama tena mbele ya jaji, sitababaika."

Akavuta kompyuta, akathibitisha nafasi yake katika chuo kidogo, wote wakimtazama. Mjomba akanuna mpaka chai ikapoa.

Baridi ya kule ilimtoa machozi, na darasani mwanzoni aliambulia nusu ya yaliyosemwa. Hakulegea. Kwa msaada wa mwalimu aliandaa maombi mapya ya kesi ya fundi, na wakili mwenzake akayawasilisha nyumbani. Mahakama ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Siku ya kusikilizwa mjomba aliomba ruhusa kazini, akaenda mahakamani kukaa benchi la mbele. Wakati wa mapumziko akampigia Wakili simu.

"Mkalimani yupo!" alinong'ona. "Na fundi wako, mama wee, kumbe ana maneno mengi hivyo! Hakimu kaomba waende taratibu."