Mchi wa Estelle na Maneno ya Kiitalia

Wewe unayenisoma, umeshawahi kutwanga maneno ndani ya kinu? Mimi nimeyatwanga, pamoja na mjukuu wangu Estelle, anayeniita koko, yaani bibi, hapa kwetu Kabambare, mvua zilizopita.

Masera Marie-Thérèse, mtawa wa Kasongo, alikuwa amemtafutia nafasi ya kusomea uuguzi kule Italia. Ilibaki tu asome mbele yake ukurasa mmoja wa Kiitalia, siku ya Jumamosi. Masera alitaka aende. Mjomba wake alitaka aende. Estelle mwenyewe nilimuuliza mara tatu kama anataka, na mara zote tatu akashika bidoni ya maji akaenda mtoni.

Shida ilikuwa ulimi. Sisi kila neno tunalikanyagia karibu na mwisho, hata liwe refu namna gani. Verbe zao, yale maneno ya kutenda, hazikubali. Masera alizikata vipande ndani ya daftari, akaweka alama juu ya kile kinachobeba uzito: pàr-la-no, wanasema, par-là-te, munasema, par-le-rò, nitasema. Uzito unahamahama kama kuku anayetafuta pa kutagia. Estelle alisema parlàno, abitàno, kama vile ni majina ya wajomba zetu.

Basi, sombe, majani yetu ya muhogo, iko, kinu iko. Kwetu watu wakitwanga pamoja kwenye kinu kimoja, mmoja anashusha kwa nguvu, wenzake wanagusa tu. Nikamwambia Estelle ashushe mchi penye alama. Mimi na jirani yangu Subira tuguse vipande vinavyobaki. Kwa àbitano, wanakaa, ilikuwa hivi: à, Estelle, bi, mimi, ta, Subira, no, mimi tena. Subira alisema hawa Waitalia watatumaliza, maana tulikula sombe siku sita, laini hata meno yalisahau kazi yake.

Ijumaa nikaona kosa letu: bila mchi mkononi, Estelle alirudia parlàno yake ya wajomba. Tukaufunga mchi kwenye pikipiki ya kwenda Kasongo. Iliasi, dereva, aliuliza kama masera hana mchi wake. Tulishuka mara nne kwenye matope, tukiuegemea.

Kasongo, masera aliangalia mchi, akaangalia sakafu yake ya vigae, akatupeleka nyuma ya jiko, kwenye udongo. Estelle alisoma akipiga ardhi. Hakukosa hata neno moja. Masera mwenyewe alikuwa anagonga kwa kiatu. Kisha akafunga kitabu, akamwambia kwamba ya ukurasa ameyasikia. Sasa aseme yake, anataka nini.

Estelle akaniangalia mimi. Hapo nikafahamu kwa nini alikuwa anakimbilia mtoni: alifikiri nitabaki na nani.

Nikautoa mchi mkononi mwake.

"Sema, mama. Mimi na Subira tuko wawili. Kinu kinatutosha."

"Ninataka kwenda, koko," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilikuwa ninataka."