Ngamia wa Halake

Kila Jumatatu Abiba alifumua gunia la sukari, akaliwamba kwenye fremu, akalipaka chokaa na kungoja likauke. Mwaka 1974 alichora herufi za Kiarabu tu: alifu, lamu, nuni, zile alizofundishwa na baba yake, Halake. Miaka ikaenda, herufi zikaota miguu, zikapinda shingo, mpaka watu wa Isiolo wakaacha kuzisoma, wakawa wanaziangalia tu.

Mwaka 1978 aliziacha. Akachora alama ambayo Halake aliwachoma nayo ngamia wake: mstari mmoja na kulabu mbili. Kabla rangi haijakauka, ngamia jike akatoka kwenye gunia, akasimama uani. Ubavuni alikuwa na matundu matatu ya risasi.

"Huyu ni wetu, wa kule Korbesa," alisema Kaltuma, mama yake. "Askari walimuua siku ile ile waliyomuua baba yako."

Akaleta kibuyu, akamkamua.

Abiba alimpeleka yule ngamia kwenye ofisi ya serikali, mahali faili ya kifo cha baba yake ilipowekwa. Karani akaipekua.

"Hapa imeandikwa Halake na ngamia wake waliuawa na ukame."

"Ukame unatoboa hivi?"

Karani akatoka nje, akatia kidole kwenye tundu moja, kisha la pili. "Lakini huyu anatembea, mama. Sasa mimi niandike nini?" Akafunga faili.

Mwaka 1984 mvua ilikosa kabisa. Wakati huo Abiba alikuwa ameacha hata alama. Alichovya brashi na kutupa rangi kwenye gunia kwa mkono mzima, kutoka begani, vile Halake alivyorusha maji ya kisima kwenye birika la kunyweshea ngamia. Kila mtupo ulitoa ngamia mwenye maziwa. Majirani walikuja na sufuria, wengine kutoka Kinna kwa miguu. Bega la Abiba lilipovimba, jirani yao Rimberia alilikanda kwa mafuta ya moto.

"Asante sana, Mama Abiba," alimwambia Kaltuma. "Watoto wangu wako hai."

"Alhamdulillahi. Na umshukuru Halake. Mifugo ni yake."

Mwaka ule mtaa wao haukuzika mtoto hata mmoja.

Mvua iliporudi, Abiba alikwenda tena ofisini na dumu la maziwa. Karani alikunywa kikombe, akashukuru, akaangalia faili.

"Bado ni ukame," akasema.

Abiba akamuuliza ana watoto wangapi. Wanne, akajibu. Basi akamwachia dumu lote.